Shahada ya Kujificha

Paukwa!

— Pakawa!

Mbona sauti zinatetemeka? Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa na chuo mwituni, mahali ambapo hata saa sita mchana palikuwa na giza. Profesa alikuwa Chatu. Alifundisha shahada moja tu ya uzamili, tena kwa vitendo: Kujificha. Vitabu hakuna, karatasi ya mtihani hakuna. Muhula wa kwanza, kunyamaza. Muhula wa pili, kutotikisika. Mwisho, mwanafunzi anaingia pangoni na Profesa, wawili tu, kutahiniwa.

Kisha Chatu hutoka polepole, kwaruru, kwaruru, akawauliza waliobaki, "Mnamwona?"

"Hatumwoni, Profesa."

"Basi amefaulu."

Nao hupiga makofi, pa pa pa. Hakuna aliyewahi kufeli.

Huko alisoma Sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu, pamoja na dada yake, Mwanakheri. Jana Mwanakheri aliingia pangoni, akafaulu. Sange alipiga makofi mpaka viganja vikamuuma. Leo asubuhi akaenda kumwamkia Profesa.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Leo zamu yako."

Tumboni mwa Chatu kukasikika mlio: tu-tu-tu. Kimya. Tu-tu-tu. Akina sange hupiga mguu chini hivyo wakiona hatari. Sange akajua ni Mwanakheri, bado yu hai.

"Nisubiri, nizunguke kwanza," Chatu akasema. Kabla ya kila mtihani alizunguka kuangalia kama kuna siafu, maana chatu akishiba hawezi kukimbia. Na siku hiyo siafu walikuwepo, nyuma ya kilima; Sange aliwaona alipokuwa akija.

"Profesa, na mtahini wa nje?"

"Ndiye nani?"

"Hee! Shahada isiyo na mtahini wa nje ni karatasi ya kufungia karanga. Nikuitie?"

Ulimi ukamtoka Chatu. "Ni mnene?"

"Ni wengi, kamati nzima. Ila wao huanza kumpima mwalimu. Ukitikisika, umefeli."

"Waje wote!" Chatu akajilaza mlangoni mwa pango, tamaa imemjaa, kuzunguka amesahau.

Sange akakimbia kilimani, akaburuta panzi mfu mbele ya siafu mpaka pangoni. Shwaa, shwaa, shwaa.

"Wanasema nini?" Chatu akanong'ona.

"Wanashauriana, Profesa. Usitikisike."

Shwaa, shwaa.

"Mbona wananifinya?"

"Wameanza kusahihisha."

Chatu alipotaka kuinuka, walikwisha kumfunika mzima. Akajipinda, akajikunja, akatapika, pu! Akatoka Mwanakheri, amelowa, macho hayapepesi, mguu bado unapiga. Nyuma yake ikatoka mifupa ya waliofaulu zamani, kwacha, kwacha, kwacha. Sange akamkumbatia dada yake, akalia.

Alasiri siafu wakaenda zao. Wanafunzi wakachungulia.

"Mnamwona Profesa?" Sange akauliza.

"Hatumwoni."

"Basi amefaulu."

Hakuna aliyepiga makofi. Ulisikika mguu wa Mwanakheri tu, tu-tu-tu, na mpaka leo haujanyamaza.

Hadithi yangu imeingia pangoni. Atakayeifuata asiseme nimemtuma mimi. Na funzo ndilo hili, wanangu: mwalimu haulizwi maswali. Mkiitwa mtihani, ingieni kwangu mmoja mmoja.