Neno Nalo Hupimwa Mabega

Mmemsikia Bibi Naelijwa akimnyamazisha mhubiri wa kipaza sauti kwa maneno manne: "Neno nalo hupimwa mabega." Mkacheka. Sasa mnauliza limetoka wapi. Methali hii ilianza hivi, kwenye cherehani ya baba yake.

Huko Upare, milimani, baba huyo, Eliamini, alikuwa fundi nguo na mwinjilisti wa kujitolea. Hakutia mkasi kitambaani kabla hajakupima mara mbili. Lakini mdomo! Wakubwa wa kanisa walimpa semina ya siku tatu, wakamkaririsha hubiri moja, wakapanda gari lao wakaenda zao. Basi hubiri hilo hilo akamvika bwana harusi, akamvika mjane, akamvika hata aliyekuja kushonewa kifungo kimoja: "Ukifa leo, utakwenda wapi?"

Siku moja akaja Mzee Senkondo, ambaye hakuwahi kukanyaga kanisani. Amevaa koti jeusi, pana.

"Nipunguzie mikono, fundi. Nalitaka kwa Jumapili."

Jumapili! Mzee yule! Mwenye masikio angeuliza. Eliamini alichukua futi yake, akapima bega, akapima mkono, akarudia, na mdomo nao umeshika njia.

"Ukifa leo, mzee wangu, utakwenda wapi? Walevi wote fungu lao ni moto."

"Wote?"

"Wote. Imeandikwa."

"Hata aliyekuwa akiwalisha wazazi wake?"

"Moto hauulizi, mzee. Hebu simama wima, unaniharibia kipimo."

Mzee akalivua koti polepole, akalikunja. "Basi. Usilikate."

"Nimekukosea nini, baba?"

"Mabega umenipima mara mbili, fundi. Neno hukunipima hata mara moja."

Akaondoka.

Mkewe fundi aliposikia alijishika kichwa. "Jamani, Baba Naelijwa! Koti lile hukulijua? La Kadeghe, mwanawe, yule aliyekutwa mtaroni amekufa na pombe yake. Mzee aliniambia mwenyewe: Jumapili nalivaa, niende nikamuulize huyo Mungu wenu kama mwanangu anapo pa kukaa."

Kesho yake fundi alipanda kwenda kuomba radhi. Alipewa kigoda, akapewa uji. Wakazungumza mvua, wakazungumza maharage. Alipotamka tu "Mungu", mzee akainua kiganja.

"Hapo, fundi, ulishapafunga mwenyewe."

Akaenda tena, na tena, mwaka mzima. Uji haukukosekana. Pale palipofungwa hapakufunguka.

Mzee alipofariki walimzika na koti la mwanawe. Eliamini alisimama akiitazama mikono ile, mirefu, imemeza vidole vyote. Kazi ya nusu saa.

Tangu hapo, kila aliyeleta nguo aliulizwa kwanza, "Ya nani hii?" Kisha fundi alinyamaza akasikiliza. Wengine aliwasomea Neno. Wengine aliwasindikiza tu hadi njia panda, bila hubiri, na baadhi yao walirudi wenyewe kuuliza. Senkondo hakuwa miongoni mwao. Na wale wa semina? Hawakurudi hata siku moja kutazama hubiri lao limemkaa nani. Wao wamesahau. Sisi hatujasahau.

Hivyo kesho mkitumwa kuhubiri, mkiwa na vijitabu vyenu, mkumbukeni yule mzee na mikono yake ya koti. Naelijwa alikua akimsikia baba yake kila anapokunja futi, akijisemea kwa sauti ya mtu aliyechelewa: neno nalo hupimwa mabega.