Kwa Nini Paka Hulala Mahali Pako

Sogeeni, mkae. Na kama kuna aliyelaliwa na paka mapajani, asimwondoe kwanza, maana habari hii inamhusu.

Hapo zamani kila kiumbe cha nyumbani kilikuwa na mahali pake pa kulala, na hakuna aliyekosea. Mbuzi alilala kwenye nguzo ya nyuma. Kuku walilala chini ya tenga. Mbwa alilala mlangoni, pua ikiwa nje. Paka naye alipewa gae la chungu kilichovunjika, likawekwa kando ya meko na majivu kidogo ndani yake, na humo alijikunja akaenea kama yai kwenye kiota. Hakupanda kitandani, hakukalia kigoda cha mtu, hakulalia nguo iliyotoka kufuliwa. Ukimtaka paka, ulitazama kwenye gae, ukamwona. Watu wa wakati huo hawakuwa hata na neno la kumfukuzia, kwa sababu hakuwahi kumzibia mtu njia.

Basi katika milima yenye baridi, ambako ukungu huingia ndani bila kupiga hodi, aliishi mama mmoja jina lake Nakijwa. Mumewe alikuwa amefariki, akamwachia mwana mmoja tu, Mbonea. Huyu Mbonea alikuwa kijana wa maneno machache, na alikuwa na tabia moja iliyomuudhi mama yake: hakuweza kula kipande cha nyama bila kumkatia paka. Mama alisema sana, akachoka, akaacha.

Kiangazi kimoja Mbonea alishuka na wenzake kwenda nyikani kuchota chumvi, kama walivyofanya vijana wote waliofikia umri wa kuoa. Wenzake walirudi na mizigo yao. Yeye hakurudi. Walieleza kwamba homa ilimwangusha njiani, wakamwacha kwenye boma la wafugaji.

"Tulimwacha anapumua, mama," walimwambia Nakijwa, lakini hakuna aliyemtazama usoni.

Watu wa mlima ule walikuwa na desturi yao kuhusu mtu aliye safarini. Mkeka wake haukukunjwa. Uliachwa umetandikwa palepale alipoulalia mara ya mwisho, na waliobaki nyumbani waliuzunguka, hata kama nyumba yenyewe ilikuwa finyu kiasi cha kugongana mabega. Waliamini kwamba mtu aliye hai akisinzia, popote pale alipo, joto lake hurudi kwao kulala mkekani. Kwa hiyo mavuno yakipita, mzee wa ukoo alikuja alfajiri, akapiga magoti, akaweka kiganja katikati ya mkeka. Ukiwa na joto, uliachwa mpaka mavuno mengine. Ukiwa baridi, ulikunjwa. Hapo mama alinyolewa nywele, kilio kikaanza, na jina la aliyepotea halikutajwa tena mpaka mtoto mwingine apewe jina hilo.

Naona mnatazamana. Mnataka kuuliza mkeka mtupu ulipata wapi joto. Kina mama ndio waliokuwa wakiulalia usiku, jamani, na wengine walipitisha jiwe la moto, na wazee walijua wakanyamaza. Lakini ujanja ulipozidi, mkeka wa mtu aliyezikwa machoni pa watu ulikutwa una joto, na wazee wakaona sasa wanachezewa. Wakaweka masharti mapya. Jioni ya kuamkia siku ya kugusa, meko yazimwe kwa maji. Wenye nyumba watoke. Mbuzi, kuku na mbwa watolewe. Mlango ufungwe kwa nje. Kuhusu paka hawakusema kitu. Nani angehangaika na paka, ilhali paka ana gae lake na hatoki humo?

Nyumba ya kwanza kuonja masharti hayo ilikuwa ya Nakijwa.

Aliyekuja kuzima meko alikuwa shemeji yake, Mrindoko, mdogo wa marehemu mumewe. Alimwaga maji polepole, moshi ukamwingia machoni, akajifuta.

"Shemeji, usinione adui," alisema. "Hata mimi silali. Lakini tukimlilia, angalau tutapumzika."

"Wewe utapumzika, Mrindoko," Nakijwa alimjibu. "Mimi nitapumzikia wapi?"

Mrindoko akachukua kamba ya mbuzi akatoka nayo.

Kabla ya kutoka, Nakijwa aliinama akapapasa mkeka wa mwanawe. Ulikuwa baridi kama sakafu yenyewe. Miezi yote ile alikuwa akiulalia kwa siri, na sasa hapakuwa na siri ya kumsaidia. Aliogopa. Hakuogopa wembe wala kilio, maana kulia alikuwa ameshalia. Aliogopa kwamba kesho, mtoto wake akiwa bado anatembea mahali fulani chini ya jua, yeye mama yake atakatazwa kumwita.

Kulipopambazuka walikusanyika mlangoni. Mke wa Mrindoko alikuwa ameshika wembe, ameufunga kwenye kitambaa, ameuficha nyuma asimuumize mwenziwe kabla ya wakati. Mzee Sekiete, mkubwa wa ukoo, alifungua kamba ya mlango. Magoti yake yalikuwa yameharibika kwa baridi, ikabidi ashikiliwe ndipo ainame. Nakijwa alisimama kizingitini, kwa kuwa mama hakuruhusiwa kuingia.

Mzee aliweka kiganja. Akakaa nacho. Akakaa nacho kwa muda mrefu kuliko walivyozoea, hata watu wakaanza kukohoa.

"Una joto," alisema.

"Baba," Mrindoko aliuliza, "umegusa vizuri?"

"Njoo uguse mwenyewe."

Mrindoko aligusa, akautoa mkono haraka, kisha akaurudisha. Halafu yule mtu mzima akaketi chini akalia kwa sauti, kwa sababu moyoni mwake alikuwa amekwisha kumzika mtoto wa kaka yake, na sasa aliona haya. Nje wanawake walipiga vigelegele. Wembe ukarudi ulikotoka.

Mzee Sekiete aliinuliwa. Alipofika kizingitini alisimama mbele ya Nakijwa, akafungua kiganja kidogo tu, cha kumtosha yeye peke yake kuona. Palikuwa na manyoya machache ya kijivu. Mzee akajifuta kiganja kwenye shuka yake.

"Mama Mbonea," alisema kwa sauti ya chini, "desturi inauliza kama mkeka una joto. Haijauliza zaidi ya hapo."

Watu walipotawanyika, Nakijwa aliingia ndani. Paka alikuwa ameketi karibu na meko yaliyolowa, anajilamba mguu, hana habari. Nakijwa alitia mkono ndani ya gae. Majivu yalikuwa baridi, yametulia, hayajalaliwa. Furaha yote ikamtoka. Basi haikuwa pumzi ya Mbonea iliyopanda mlima kuja kulala kwao. Ilikuwa paka.

"Umemdanganya nani?" alimuuliza paka kwa hasira. "Wao, au mimi?"

Paka aliacha kujilamba. Akainuka, akapita mbele ya miguu ya yule mama bila haraka, akapanda mkekani, akazunguka, akazunguka tena, akajilaza katikati, palepale mzee alipoweka kiganja. Kisha akamtazama.

Sasa hapa wasimulizi huwa tunagombana. Wapo wanaosema meko yalikuwa yamezimwa, gae limepoa, na mnyama alitafuta tu mahali pasipo na udongo wenye unyevu. Inawezekana, mimi sibishi. Wapo wanaosema alikuwa anaufuata mkono uliomkatia nyama, na mkono huo ulikuwa umeacha harufu yake pale na si kwingine. Hilo nalo linawezekana. Nakijwa hakujua ni lipi, na siku ile aliketi muda mrefu akilifikiria. Angeweza kumwita mzee arudi, aseme ukweli, yaishe. Badala yake aliona kwamba kama joto la mwanawe limekosa njia ya kurudi, hakuna ubaya likishikiliwa na mwingine mpaka mwenyewe afike. Aliwasha moto. Gae likapata joto tena, lakini paka hakulirudia. Tangu hapo mama alifagia akimzunguka.

Mvua za vuli zilipoanza, mtu mwembamba alionekana anapanda mlima, anaegemea fimbo ya wafugaji na kuuvuta mguu mmoja. Homa ilikuwa imemwachia maisha ikamharibia mguu, na ilibidi angoje mpaka mguu huo uweze mlima. Majirani walipiga kelele za furaha. Nakijwa hakupiga kelele. Alimwendea mwanawe, akanyoosha kiganja, akakiweka kwenye paji la uso wake, akakaa nacho, kama alivyofanya Mzee Sekiete kwenye mkeka.

"Una joto," alisema, ndipo akaangua kilio.

Walimpa uji, walimwosha miguu. Mbonea alikuwa hoi, anataka kulala tu. Alipofika kwenye mkeka wake alimkuta paka katikati, amejinyoosha kutoka ubavu huu hadi ule, tumbo juu. Akapeleka mkono kumsogeza.

"Mwache!" mama yake alifoka, kwa ukali ambao mwanawe hakuwahi kuusikia. "Huyo ndiye aliyekushikia mahali. Asingekuwepo, leo ungekuta mtoto wa Mrindoko anaitwa kwa jina lako, na mimi ningeogopa kukuitikia."

Mbonea alicheka. Kisha alimtazama mama yake vizuri, akaona hatanii, akaacha kucheka. Akajilaza pembeni, nusu mkekani, nusu sakafuni, magoti amemkunjia paka. Paka hakusogea hata upana wa kidole. Wakalala hivyo.

Habari ilienea milima yote. Mzee Sekiete hakugusa mkeka wa mtu tena mpaka kufa kwake, na waliomfuata hawakujaribu. Kila nyumba ikaona ina deni kwa paka wake, ikamsamehe gae. Lakini kulikuwa na jambo moja walilosahau, nalo ndilo linalowasumbua ninyi leo. Hakuna aliyemweleza paka kwamba ulikuwa mkeka mmoja, wa mtu mmoja, aliyekwenda mbali. Yeye alielewa kwamba ndiyo kazi aliyopewa.

Na tangu siku hiyo, paka halali pake, hulala pako. Ukiinuka kuchota maji, ukirudi utamkuta kwenye kigoda chako. Ukitoa nguo za safari, atazilalia. Ukifungua begi, ataingia ndani ya begi. Ukitandika mswala, atafika kabla yako. Usiku utalala pembeni umejikunja, yeye katikati. Unamwambia toka, naye anafumba macho, unasema hana adabu.

Paka hajui wewe unakwenda umbali gani. Kwake kisimani na nyikani ni kulekule, ni mtu ametoka na mahali pake panaanza kupoa. Basi siku nyingine kabla hujamsukuma, tia kiganja chako chini ya tumbo lake, pale ulipokuwa umekaa. Utakuta pana joto. Ni lako hilo, umewekewa, asije mtu akakukunjia mkeka nawe bado uko njiani unarudi.