Shairi la Kuzaliwa kwa Shurie

Chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Wapo wanaodhani kwamba methali hii inawasuta wavivu tu, wale wanaolala mpaka jua liwachome. La hasha! Mchapakazi naye huchelewa, tena huchelewa akiwa na sababu nzuri, na hayo ndiyo yaliyomfika Shurie wa mjini Garissa.

Shurie alisimamia kituo cha kupokea maziwa ya ngamia. Kila alasiri magari yalileta madumu kutoka malishoni, naye aliyanusa moja baada ya jingine, akatenga yaliyoanza kuchacha, na yaliyo mazuri akayawahisha kwenye mtambo wa baridi. Kazi hiyo aliipenda kwa moyo wake wote. "Maziwa hayamngoji mtu," alizoea kuwaambia wenzake, na alisema kweli.

Mama yake, Osob, alikuwa malenga wa buraanbur, mashairi ambayo wanawake wa Kisomali huyatoa kwa sauti harusini na katika mikutano yao. Shairi lake lililopendwa kuliko yote alilitunga mwaka wa ukame, alipomzaa Shurie njiani, karibu na Habaswein, huku ngamia wakianguka mmoja mmoja. Shurie alikulia shule za bweni, kwa hiyo alilijua vipande vipande tu. Wala halikuandikwa popote. Shairi kama hilo hupokezanwa kinywa kwa kinywa, na anayelitoa hutangulia kumtaja aliyelitunga na aliyemfundisha.

Siku moja Mwalimu Nasteha, kiongozi wa kikundi cha maigizo cha mtaani, alimfuata kituoni.

"Abaayo, dada yangu, tunaandaa mchezo juu ya ukame, na shairi la mama yako ndilo moyo wake. Miguu ya mama haimruhusu kusimama jukwaani. Tunataka usimame wewe. Atakufundisha mwenyewe, alasiri mbili kwa wiki."

Moyo wa Shurie uliruka kwa furaha. Kisha akayatazama madumu.

"Alasiri ndiyo saa ya magari, dada."

"Si mwenzako Salah yupo? Amesema atakupokelea siku hizo."

"Salah! Wallahi, pua ya Salah haitofautishi maziwa na maji ya mto Tana. Nipe muda nifikirie."

Basi akafikiria. Kiangazi kilipokaza, maziwa yakawa haba na wateja wakagombana, akasema mvua zikija atapata nafasi. Mvua zikaja, maziwa yakafurika, akasema kiangazi kikirudi mambo yatatulia. Nasteha hakutaka kumpoteza, akamweka Leyla, msichana wa chuo aliyetoka Rhamu, amshikie nafasi mpaka atakapoamua. Ikawa Leyla ndiye anayemshika Osob mkono hadi ukumbi wa mazoezi, na ndiye anayemrudisha nyumbani.

Osob hakuwa mtu wa kulalamika. Aliuliza tu, binti yake aliporudi akinuka maziwa na moshi wa kufukizia madumu, akimwita hooyo, neno la Kisomali ambalo mama na mwana huitana.

"Umeamua, hooyo?"

"Bado, hooyo. Mwezi ujao, inshallah. Au nikurekodi kwa simu, niwe nasikiliza kazini?"

"Simu haiwezi kuniuliza kwa nini nimelia hapa, nimecheka pale." Osob alimvuta karibu. "Ninaogopa kuondoka nalo, Shurie. Nilikutungia wewe."

Shurie aliubusu mkono wa mama yake, akaahidi tena. Hakuwa akidanganya, maskini. Aliamini kwamba mama yupo na atakuwepo.

Kiharusi hakikubisha hodi. Kilimpiga Osob asubuhi, kikamwachia uhai na kumnyang'anya ulimi. Shurie aliacha kituo bila hata kuaga, akapiga magoti kando ya kitanda cha hospitali.

"Nimeamua, hooyo! Nifundishe. Neno la kwanza tu, nifundishe!"

Midomo ya Osob ilitikisika. Machozi yalimtoka, lakini sauti haikutoka. Mama na binti walitazamana hivyo siku baada ya siku, mmoja akitaka kutoa na mwingine akitaka kupokea, mpaka Mwenyezi Mungu alipomchukua mja wake. Muda huo wote Salah alipokea maziwa peke yake, na hakuna dumu lililoharibika.

Mchezo ulipoonyeshwa, Shurie aliketi safu ya nyuma. Leyla alisimama jukwaani akasema, "Shairi hili ni la Osob. Nimefundishwa na Osob mwenyewe." Kisha akaanza. Palikuwa na pumzi ya mama, kicheko cha mama, na kile kilio kidogo katikati. Shurie alisikia kutoka kwa mgeni jinsi alivyozaliwa, akajifunika uso kwa shungi lake.

Watu walipokuwa wakitawanyika, bibi mmoja aliyeitwa Weris, aliyesafiri kutoka Habaswein, alijikongoja hadi kwa Leyla akamkumbatia.

"Mtoto wa Osob! Mikono hii ndiyo iliyokupokea jangwani. Nilikuwepo mama yako alipolitunga, nawe ukilia!"

Leyla aliona aibu. "Si mimi, bibi. Mwanawe ni yule."

Weris alimgeukia Shurie, akampima kwa macho yenye ukungu, kisha akatabasamu.

"Ni wewe? Basi, hooyo, nitolee ule mwanzo wake, niisikie damu ya Osob."

Shurie alifungua kinywa. Maneno hayakuja, kama yalivyomkatalia mama yake kitandani. Bibi alingoja, akangoja, tabasamu likamtoka, akarudi taratibu kuushika mkono wa Leyla.

"Nitakufundisha, dada," Leyla alisema kwa upole, naye alimaanisha.

Shurie aliitikia kwa kichwa. Atajifunza, bila shaka. Lakini kila atakapolitoa shairi la kuzaliwa kwake, desturi itamlazimu kusema mbele za watu kwamba alifundishwa na Leyla, si na mama aliyemzaa. Hakika, chelewa chelewa utakuta mwana si wako.