Mlango Wenye Tai wa Vichwa Viwili

Hapo zamani za kale, wanangu, ndege walipokuwa wakijenga nyumba na kupigiana hodi kama sisi, alikuwako fundi wa milango, kigogota mdogo aitwaye Mize. Mdomo wake ndio uliokuwa patasi yake. Ko-ko-ko! Ko-ko-ko! Kijiji kizima kiliamka kwa sauti hiyo.

Siku moja akaja Tai Kombo, amefura.

"Mize! Mama ametutoka, na mlango wake umeliwa na mchwa. Chonga mwingine, uweke kichwa changu, wote wajue nani mwenye nyumba. Nikikiona cha Vuai, kiota chako na makinda yako naangusha chini!"

"Nimesikia, kaka."

Kombo hajapotea machoni, puu! Akatua pacha wake, Tai Vuai.

"Mize! Kichwa changu mlangoni! Nikikiona cha Kombo, kiota chako chini!"

"Nimesikia, kaka."

Hofu ikamwingia Mize. Makinda yake matatu hata manyoya hayajaota. Lakini zaidi ya hofu, roho ilimuuma. Alipobaki yatima, Bi Tai, mama yao, ndiye aliyemlea. Aliyakumbuka masika yale: Kombo chini ya bawa la kulia, Vuai la kushoto, yeye katikati kifuani, mvua inapiga makuti. Wale wawili walilala shingo zimelaliana. Lo, siku zile zilikuwa tamu!

Akaanza kazi. Mlango ulikuwa wa mbao mbili. Ubao wa kulia akamwonyesha Kombo peke yake.

"Naam, kichwa changu hicho! Mbona bawa moja?"

"La pili liko kwenye ubao wa pili, kaka. Mlango ukifungwa utaliona."

Vuai naye akaonyeshwa wa kushoto, akajibiwa vilevile, akaondoka kwa maringo.

Siku ya kutia mlango wakakutana nje, mbao ziko wazi. Kila mmoja akakiona kichwa cha mwenzake.

"Ebo! Wewe unafanya nini hapo?"

"Thubutu! Hapa ni kwangu!"

Makucha yakatoka. Kombo akageuka. "Mize, kiota chako leo..."

"Piganeni, kaka zangu, kisha mje kwangu," akasema Mize. "Ila mmelisahau sharti la mama? Watoto wakigombana, mlango unafungwa, wanabaki nje mpaka wapatane. Fungeni kwanza."

Wakatazamana. Sharti lile walilijua tangu wakiwa makinda. Kila mmoja akashika pete ya ubao wake, akavuta. Kriii... paa!

Mbao zikakutana. Hapakuwa na tai wawili tena. Mlangoni palikuwa na tai mmoja, vichwa viwili, kimoja kinatazama mawio, kimoja machweo, na kifua kimoja kipana. Katikati ya kifua palikuwa na kovu dogo.

"Kovu lile," Vuai akanong'ona, "ni la mama. Alilipata siku alipotuokoa na chatu."

Kombo akamgeukia. "Basi ng'oa ubao wako, uende nao!"

"Nikiuchukua, wewe utabaki na bawa moja, na mama nusu tu."

Kombo akainamisha kichwa. Akalia waziwazi, tai mkubwa mzima.

"Kigogota huyu ametuweza!" akasema.

"Ametuweza kweli," akajibu Vuai. "Sukuma upande wako, ndugu yangu, mvua inakuja."

Wakaingia wote watatu. Jioni ile makinda ya Mize yakalala chini ya mabawa ya wajomba zao.

Wapita njia waliipenda sura ile, wakainakili kwenye ngao na mapazia ya wafalme, wala hawakuuliza fundi ni nani. Bibi yangu aliapa kwamba mlango wenyewe aliuona, na kila alipoutaja machozi yalimlengalenga.

Kisa nimekifunga, pete nawaachia nyinyi: nyumba ya mama, wanangu, anayeitaka peke yake huikosa yote.