Kwa Nini Namba za Mto Lukwale Hutanguliwa na Jina

Wanangu mliokuja kujifunza kuandika programu, zamani namba za Mto Lukwale zilisafiri bila jina. Kipimo cha kina cha maji kilisimama mtoni kule milimani, kikituma sufuri na moja, na mashine ya bondeni ikazipokea kama dirisha linavyopokea ukungu. Ilizisoma ilivyozoea. Haikuuliza kitu.

Siku zile mtunzaji wa mashine alikuwa Semeni, binti mpole aliyependa kuzungumza na skrini. Kipimo cha kwanza kilituma namba za desimali, zenye nukta, ambazo alama zake hupangwa kwa namna yake. Kilipoharibika, mafundi waliweka kipya, nacho kikawa kinatuma namba nzima. Hakuna aliyeiambia mashine.

Wiki nzima skrini ikaonyesha sufuri. Ni kiangazi, watu wakasema, mto umelala. Alasiri moja upepo ulishuka kutoka milimani na harufu ya udongo uliolowa. Semeni akatazama skrini: sufuri. Akaingiwa na wasiwasi, akafungua alama zenyewe kama zilivyofika. Sufuri ishirini na tisa, kisha moja tatu mwishoni: zikisomwa kama desimali, ni sehemu ndogo mno ya mita, na skrini huiandika sufuri.

Hakugusa hata alama moja. Alibadilisha neno moja tu ndani ya programu: palipoandikwa desimali, akaandika namba nzima. Alama zilezile, kwa mpangilio uleule, zikasema mita saba.

Akampigia simu Mzee Lihawa, mwenyekiti wa kijiji cha Mkondeni, kando ya mto.

"Babu, mto unakuja. Tokeni."

"Mjukuu wangu, huku jua linawaka. Jana si ulituambia sufuri?"

"Nilisoma vibaya, babu. Nisamehe. Tokeni sasa hivi."

Kisha Semeni akamsikia mzee akiita watu, jina baada ya jina, sauti ikizidi kwenda mbali.

Walipanda kilima wakibeba wagonjwa na vifaranga. Maji yalianza polepole, rangi ya chai, yakibeba majani makavu; halafu yakaja na miti mizima. Nyumba zote zilichukuliwa. Hakupotea mtu, lakini Mzee Lihawa alikaa juu kule akililia kaburi la mkewe.

Na tangu alasiri ile, kila kipimo cha mto hutaja kwanza jina la aina ya namba kinazotuma. Na programu zetu hukataa kuzisoma alama kwa aina nyingine mpaka mwandishi aandike waziwazi kwamba ndivyo anavyotaka. Ni maneno mengi, najua, na mtanung'unika. Yaandikeni.