Kibakuli cha Tano

Isome hii kabla hujapakua chakula cha leo.

Huko Tukuyu, ambako ukungu huingia hadi jikoni bila kubisha hodi, aliishi nesi mmoja aliyeitwa Atupele. Alikuwa na mume, Lusajo, na watoto watatu. Kwa miaka mingi alirudi kutoka zahanati amechoka, akawalisha wanawe chipsi na soda, kisha akalala akijilaumu. Siku moja akasema imetosha.

Tangu hapo, kila Jumapili alipika chakula cha wiki. Maharage aliyoyaloweka tangu jana yake aliyachemsha yote kwa mara moja. Mboga za majani alizichambua, akazikata, akazigawa. Rojo la nyanya, vitunguu na karoti alilipika sufuria moja kubwa. Kisha alipanga vibakuli vyenye mifuniko, akakibandika kila kimoja kipande cha plasta ya kufungia vidonda, akaandika siku yake, akavitia kwenye friza. Jioni ilibaki kupasha tu na kusonga ugali.

Watoto wakanawiri. Majirani wakamtania: “Mama Ipyana, hiyo ni familia au ni jeshi?”

Siku tano, vibakuli vinne kila siku: vibakuli ishirini. Nyumba ilikuwa na watu watano.

“Na wewe je?” Lusajo aliwahi kumuuliza, mara moja tu.

“Mimi nitakomba sufuria.”

Kweli alikomba, amesimama, uso dirishani, kijiko kikigonga chuma. Mchana kazini alikunywa chai yenye sukari nyingi na nusu andazi.

“Kiuno umemwazima nani?” Bupe, nesi mwenzake, alimcheka. “Akikurudishia, unipe mimi.”

Atupele naye akacheka, akaikaza sketi kwa pini.

Jumapili moja ukungu ulikuwa mzito hata mparachichi wa uani hauonekani. Mtu akabisha hodi. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye koti la kijivu, daftari mkononi. Nje mvua ilikuwa ikinyesha. Viatu vyake vilikuwa vikavu.

“Shikamoo, mama. Karibu ndani.”

“Marahaba. Sikai. Nahesabu watu tu. Nyumba hii mnakula wangapi?”

Atupele alikuwa na kisu mkononi na machozi ya vitunguu machoni. Akageuka, akaviangalia vibakuli vilivyopangwa mezani.

“Wanne,” akasema.

Mwanamke hakuandika. “Una hakika?”

“Baba na watoto watatu. Wanne.”

“Haya.”

Akaandika, akafunga daftari, akatokomea ukunguni. Geti la bati, ambalo hulia hata likiguswa na kuku, halikulia.

Jumatatu asubuhi Atupele aliwasalimu wagonjwa kwenye benchi. Hakuna aliyeitikia. Akatazama ratiba ya zamu ukutani: jina lake halikuwepo, na hapakuwa na alama ya kufutwa. Bupe aliweka mkoba wake kwenye kiti cha Atupele, akaita mgonjwa wa kwanza.

“Bupe, utani gani huu?”

Bupe alinyanyuka, akafunga dirisha, kama mtu aliyehisi baridi.

Jioni Lusajo alipasha vibakuli vinne. Wakala, wakasimuliana mambo yao, wakacheka. Sekela, kitinda mimba, alitoa picha aliyochora shuleni: watu wanne na sufuria kubwa. Lusajo akaisifu, akaibandika ukutani.

Atupele hakujua afanye nini, kwa hiyo alifanya alichozoea. Aliosha vyombo, akafua, akapiga pasi sare. Kesho yake vivyo hivyo. Na hilo ndilo lililomtisha kuliko yote: hakuna aliyemtafuta, kwa sababu hakuna kilichopungua.

Jumatano alasiri alimwona yule mwanamke kwenye barabara ya mashamba ya chai. Akamkimbilia.

“Mama! Ulikosea. Sisi tuko watano!”

Mwanamke alisimama. Alikuwa mtu wa kwanza kumjibu kwa siku tatu.

“Sikukosea, binti yangu. Nilikuuliza mara mbili.”

“Basi futa.”

“Daftari hili halifutwi kwa maneno. Mimi naandika wanaokula.”

Akafunua kurasa za nyuma, nyuma sana, hadi penye karatasi ya manjano, akamwonyesha mstari mmoja. Atupele akasoma jina la baba yake, na mbele yake: *Wanaokula: saba.*

Nyumbani kwao walikuwa wanane.

Akajaribu kumkumbuka marehemu mama yake akiwa amekaa anakula. Akakumbuka mgongo. Akakumbuka mlio wa kijiko kwenye sufuria. Uso haukuja.

“Naye alinikimbilia hivi hivi,” mwanamke alisema. “Nikamwambia la kufanya, akanishukuru. Lakini alipofika nyumbani, akakuta kuna vyombo vya kuosha.”

“La kufanya ni lipi?”

“Unalijua. Unawaambia wagonjwa wako kila siku.”

Atupele alipofika nyumbani, mumewe na watoto walikuwa wameanza kula. Karai lilijaa masufuria. Mkono wake wenyewe ulikwenda kwenye sabuni.

Akaurudisha.

Akafungua friza, akatoa kibakuli cha Ijumaa, akakipasha, akakata ugali, akaweka mboga na maharage kwenye sahani. Mezani hapakuwa na kiti. Akavuta kigoda cha jikoni, akakaa kati ya Ipyana na Sekela, magoti yakigusa ukingo wa meza.

Tonge la kwanza. Hakuna aliyegeuka.

Tonge la pili. Lusajo alikuwa akiongea na Ipyana, maneno yakipita juu ya kichwa cha Atupele kana kwamba hayupo.

Tonge la tatu alilitafuna polepole, kama anavyowaambia wagonjwa, akalimeza.

“Mama!” Sekela alishtuka. “Kumbe upo? Umekaa hapo saa ngapi?”

Lusajo akageuka. Akamtazama mkewe, kisha akatazama meza, akapitisha macho kwenye kiti kimoja kimoja, midomo ikihesabu bila sauti.

“Mama Ipyana,” akasema mwishowe, “meza hii ina viti vinne.”

“Tangu Sekela aanze kukaa mwenyewe.”

Lusajo alisimama, akampa kiti chake chenye egemeo, yeye akakaa kwenye kigoda. Vyombo vililala bila kuoshwa, na hakuna aliyekufa.

Jumapili iliyofuata vibakuli vilikuwa ishirini na vitano. Lusajo alichambua mboga, tena vibaya. Ukungu ukashuka. Hodi ikabishwa, na kabla mtu mzima hajanyanyuka Sekela alikuwa mlangoni.

“Tuko watano!” akapiga kelele. “Na mama amekaa!”

Yule mwanamke akaandika. Kisha akageukia nyumba ya jirani, ambako harufu ya vitunguu ilikuwa imeanza kutoka, na mtu peke yake alisikika akikomba sufuria.

Funzo: Kupika mapema huokoa muda, na chakula bora hujenga mwili, lakini mpishi asiyejihesabu hupungua kimya kimya, nawe unayepakuliwa, hesabu viti kabla hujashika tonge, ungali na mtu wa kumvutia kiti.