Maabara ya Mtu Mmoja

Sogeeni karibu mtege masikio, maana mwishoni nitawauliza neno, na sitaki mtu aseme hakusikia.

Walikuwako vijana watatu waliokwenda kusoma ughaibuni, katika mji wa kaskazini ambako mto huganda watu wakavuka juu yake kwa miguu. Wa kwanza aliitwa Lusajo, Mnyakyusa wa Rungwe, na kipaji chake kilikuwa kuuliza swali ambalo wengine hawakuliona. Wa pili, Mkamburi, alikuwa binti wa vilima vya Taita. Yeye alijaliwa mikono mitulivu na subira ya ajabu. Wa tatu alikuwa Nyamizi wa Tabora, mdogo wao, aliyesoma tarakimu kama wengine wasomavyo nyuso za watu. Wote walikuwa na shahada ya uzamivu, na wote walifanya kazi chini ya profesa mmoja mzee. Walichovumbua kilijulikana kwa jina la profesa. Kila mmoja alitamani apate maabara yake, afuate swali lake mwenyewe.

Lusajo alikuwa na dada, Tumpe, aliyeolewa mbali katika nchi kavu ya mahindi. Mwaka mmoja mvua ilinyesha wakati wa mavuno, mahindi yakawekwa ghalani kabla hayajakauka, yakaota ukungu. Ukungu huo hutoa sumu iitwayo sumukuvu, isiyoonekana kwa macho. Tumpe alisaga, akasonga ugali, akala na wanawe wawili. Macho yao yakageuka manjano, matumbo yakavimba, na juma halikuisha kabla wote watatu hawajazikwa. Habari zilimfikia Lusajo akiwa kazini. Alikaa kitako akajiuliza: kwa nini mama asiweze kuujua unga mbovu kabla hajaupika? Akabuni ukanda wa karatasi ambao ukichovywa katika maji ya unga wenye sumu ungebadilika rangi. Profesa akasema ni upuuzi. Lusajo akaendelea kwa siri miaka miwili, akagunduliwa, na mkataba wake ukakatwa ubaki nusu. Mchumba wake alichoka kungoja, akaolewa na mtu mwingine.

Lakini wazo peke yake halibadilishi rangi ya karatasi. Ilitakiwa dawa ya kupaka kwenye ukanda, na hakuna aliyeijua. Mkamburi akaishika kazi hiyo. Alijaribu dawa zaidi ya mia mbili, zote zikashindwa. Kisha mama yake akaugua kule Wundanyi, na kaka zake wakamwita. Siku hizo ndizo dawa mojawapo ilianza kuonyesha dalili njema, nayo iliharibika isipoangaliwa kila baada ya saa chache. Akawaambia atakuja juma linalofuata. Juma lililofuata mama alikuwa chini ya udongo, na siku ileile ya mazishi ukanda uligeuka bluu kwa mara ya kwanza. Mkamburi hakumwambia mtu mpaka kesho yake. Dawa zile nazo zilikuwa zimemwingia mwilini. Mikono ilichubuka, pumzi ikawa inambana, na daktari akamkataza kugusa kemikali maisha yake yote.

Profesa alipoona bluu ile, upuuzi ukawa lulu, akataka makala itoke upesi. Nyamizi akaitwa apitie hesabu tu, kazi ya siku tatu. Siku ya pili aligundua jambo. Unga wa mahindi ukichanganywa na wa mtama mwekundu, kama wafanyavyo watu wengi, sumu ilijificha na ukanda ukabaki mweupe. Akasema makala isitoke. Profesa akamwonya kwamba atamwandikia barua ambayo itamfungia kila mlango.

Nyamizi akamjibu, "Profesa, ukanda huu utaua watu wengi kuliko ukungu wenyewe, kwa sababu watu watatuamini."

Akafukuzwa, lakini bila saini yake makala haikutoka. Miezi minane alilala sebuleni kwa watu, akizirudia tarakimu zile moja moja, mpaka akaona njia: unga ulowekwe kwanza katika maji ya magadi. Lusajo akaijaribu njia hiyo, na tangu hapo ukanda haukudanganya tena. Kibali cha Nyamizi cha kuishi nchini kilikuwa kimebakiza wiki sita.

Ndipo ikaja barua kutoka shirika moja linalosaidia watafiti. Walikuwa tayari kumpa aliyebuni ukanda huo maabara yake, kwa miaka mitano, huru bila profesa juu yake. Ila fomu ilikuwa na nafasi ya jina moja, na sharti liliandikwa wazi: atakayepewa asimwajiri yeyote aliyeshirikiana naye katika kazi ile, ili ijulikane kuwa anasimama kwa miguu yake. Na jina lisipofika Ijumaa saa sita mchana, zawadi itakwenda kwa wengine, na ukanda utabaki kabatini kwa profesa.

Wakakutana jikoni kwa Mkamburi. Wali ulipakuliwa, hakuna aliyekula.

Lusajo alisema, "Bila swali langu mngekuwa mnatafuta nini? Mimi nimelipata juu ya makaburi matatu."

Mkamburi akaiweka mikono yake mezani. "Swali lako lingebaki swali, ndugu yangu. Mama yangu amezikwa na watu wengine. Na kwa mikono hii hakuna atakayeniajiri tena. Nikiwa na maabara yangu, angalau nitaelekeza mikono ya wengine."

Nyamizi aliinamisha kichwa. "Kaka, dada, nyinyi ni wakubwa zangu. Lakini kitu mlichoniletea kilikuwa cha kuua. Kama mnahesabu watakaookoka, anzeni kuhesabu siku niliyosema hapana."

Hakuna aliyepandisha sauti. Kila mmoja alijua kuwa wenzake wanasema kweli, na hilo ndilo lililouma. Mmoja angebaki na maabara. Wawili wangerudi nyumbani mikono mitupu, na wasingeweza kumtazama tena usoni yule aliyebaki.

Ijumaa saa tano na nusu fomu ilikuwa mezani, imejazwa yote isipokuwa jina.

Mimi nimesimulia, yangu yameishia hapo. Ninyi mliosikiliza, zimebaki dakika thelathini. Mngeandika jina la nani, na wale wawili mngewaambia nini?